Inatekenya Tu, Haiumi

Bi Salma alizikwa Ijumaa, na jioni yake nilikaa mkekani chumbani kwake, Mtoni, pamoja na wanawake wa mtaa wake. Mama mmoja wa makamo niliyekuwa simfahamu akaniuliza nina undugu gani na marehemu. Nikamjibu, "Alinilisha mwaka mzima." Akaridhika, akanisogezea kikombe cha kahawa. Jibu lile lilikuwa la kweli, ila lilikuwa fupi mno. Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo cha ufundi na ujuzi mmoja tu mkononi, kusuka upya waya za mota zilizoungua, na mumewe Bi Salma, Fundi Rajabu, alinipa kazi kwenye karakana yake ya Keko. Ndio mwaka tuliohangaikia cheti cha usalama cha mashine ya kukuna nazi ambayo fundi aliiunda kwa mikono yake. Bi Salma hakupenda habari zile zizungumzwe, nami nilimheshimu mpaka siku alipofumba macho. Sasa yeye hayupo, na mie sidhani kama kuna mwingine atakayezisimulia, maana Fundi Rajabu mwenyewe, niliyemkuta amekaa nje chini ya turubai na kanzu yake nyeupe, si mtu wa maneno mengi na hajawahi kuwa.

Karakana, ambayo yeye aliiita ofisi kama mafundi wote wa Keko, ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichobanwa kati ya maseremala. Kulia walitengeneza vitanda, kushoto makochi. Vumbi la mbao liliingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye mota tulizokuwa tumezifungua mezani, na harufu ya vanishi ilikaa kooni mpaka ukilala. Mbele kulikuwa na meza ya kazi na mlango wa barabarani. Nyuma, ukipita pazia la gunia, kulikuwa na kiuwanja cha saruji iliyopasuka, na hapo ndipo Bi Salma alipopikia. Aliwauzia chakula maseremala wote wa upande ule: wali, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, na siku ambazo ndugu yake alimletea samaki kutoka soko la feri, samaki wa kupaka. Mie nilikula bure. Nilikaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, sahani mapajani, nikisikiliza yeye na wateja wake wakisutana kwa mizaha, na sijapata tena mahali ambapo wali ulikuwa na ladha ile. Kila asubuhi alikuna nazi kwa mbuzi, amekaa mguu huku na mguu huku, amejikunja, nazi baada ya nazi, mpaka alipotaka kuinuka ilibidi ashike ukuta. Mashine ile ilizaliwa na mgongo wa Bi Salma. Fundi hakuwa mtu wa kumwambia mkewe maneno matamu. Alichukua mota ya pampu ya maji iliyotupwa, akaniambia niisuke upya, akaifunga ndani ya bodi ya bati zito alilolikunja mwenyewe, akachongesha kichwa cha meno cha kukunia, na akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu.

Ilikuwa mashine nzuri. Hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye watu waliizungumza kana kwamba ilikuwa takataka. Ulishika kifuu kwa mkono mmoja, ukaegemeza mkono wa pili juu ya bodi, ukasukuma kidogo, na nazi ikamiminika kwenye beseni, nyeupe, laini kuliko ya mbuzi. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya kitambo kidogo tu. Wanawake walikuja kutazama, wakaita wenzao. Mpishi wa Tandika akataka yake, mwingine wa Mbagala akataka, mama mmoja wa Ukonga akaja na mumewe kuagiza, na hata nyumba moja ya Mbezi Beach ilituma dereva. Kabla ya masika tulikuwa tumetengeneza nyingine nane mbali na ile ya Bi Salma, zote zikaondoka kwa sifa za mdomo. Na zote, ukizigusa kwa mkono wenye maji ya nazi, zilikuwa na kitu. Mara ya kwanza nilipoigusa ile ya Bi Salma nilirudisha mkono kama niliyeumwa na siafu. Bi Salma akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Umeshtuka, mwanangu? Inatekenya tu, haiumi."

"Mama, huu umeme unavuja."

"Ukivaa ndala haikugusi. Muulize fundi wako."

Nilimuuliza. Akasema bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Umeme wa majumbani ndo ulivyo, Zuhura. Hata friji la nyumbani linatekenya. Umewahi kusikia friji limeua mtu?" Nilikuwa nimewahi kusikia, nikamwambia. Akaendelea kukaza skrubu. Wanawake waliokuwa na mashine walifundishana wenyewe kwa wenyewe namna ya kuishi nayo: vaa ndala, usiishike ukiwa umetoka kuosha vyombo, weka gunia chini ya miguu. Ilikuwa kama wanamzungumzia ng'ombe mkorofi lakini mwenye maziwa mengi. Kitu kilikuwa kinawaonya kila asubuhi, nao walikizoea.

Aliyetuingiza kwenye habari za cheti ni Bwana Murtaza, mfanyabiashara wa vifaa vya majumbani aliyekuwa na duka mjini na aliyetuletea feni zake kutengenezwa tangu enzi za baba yake. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayevua viatu mlangoni hata kwenye karakana yetu iliyojaa vumbi. Siku moja alipitia pazia la gunia akitafuta maji ya kunywa, akaiona mashine ikifanya kazi. Akasimama pale hadi beseni likajaa.

"Bwana Rajabu, hii mimi nachukua," akasema. "Wewe tengeneza, mimi nauza. Lakini bila alama ya viwango siweki dukani, hata moja. Mtu akipigwa na umeme, ataulizwa nani ameuza. Peleka ipimwe. Ikipita, tunaongea."

Jioni ile Bi Salma alipika samaki wa kupaka ingawa haikuwa siku yake. Alizungumza muda wote: watahamia chumba kikubwa, atapata jiko lenye paa, mie nitapewa wasichana wenzangu wa kusuka mota chini yangu. Fundi alikula tu, lakini nilimwona akitabasamu ndani ya sahani yake. Akachagua mashine mpya kabisa, iliyokuwa haijapata mwenyewe. Akaipiga rangi mara ya pili, na asubuhi tukaifunga kwa khanga ya Bi Salma, tukaipeleka kupimwa kama bibi harusi.

Maabara ilikuwa chumba cheupe chenye baridi ya kiyoyozi, kikavu, hakuna vumbi hata chembe, na mie niliyetoka Keko nilijiona mchafu kwa kusimama tu pale. Aliyetupokea alikuwa Injinia Kokugonza, mama wa Kihaya mwenye miwani, mrefu, anayezungumza polepole kwa lafudhi ya kwao. Hakutudharau hata kidogo. Alimwomba fundi amwonyeshe mashine inavyofanya kazi, naye mwenyewe akakuna nazi moja, akasifia meno ya kukunia, akauliza ni nani aliyesuka mota. Fundi akanionyesha. "Safi sana, binti," akaniambia, na nilijisikia kukua. Halafu akaanza kuipima. Akaunga nyaya kwenye bodi, akaipandishia umeme mkali, akatazama namba. Akaimwagia maji yenye chumvi kiasi, kama mwanamke anavyoimwagia maji ya nazi bila kukusudia, akaiwasha tena. Chombo chake kikalia mlio mwembamba, mrefu. Akakizima, akarudia, kikalia tena. Akachomoa kila kitu, akafuta mikono kwa taulo, akakaa mbele yetu.

"Fundi, umeijenga vizuri," akasema. "Ila hii itaua mtu."

Fundi Rajabu akasema, "Inatekenya kidogo tu, mama."

"Leo inatekenya, kwa sababu ni mpya. Maji na mafuta ya nazi yanaingia kwenye mota kidogo kidogo, kila siku. Ngozi ya waya inalainika. Bodi yako ni ya chuma, mikono ya wapishi imelowa, na wengi wanapika pekupeku. Siku itakapovuja sawasawa, mkono ulioishika hautafunguka. Misuli inakunja. Mtu anataka kuiachia, haachii. Hata kupiga kelele hawezi." Alisema haya bila kupandisha sauti. Kisha akaeleza kwamba hata tukiongeza waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, haitatosha, kwa sababu nyumba nyingi za mitaani kwetu hazina ethi ya kuupokea. Ilibidi mashine ijengwe upya, bodi isiwe ya chuma, mota ifungiwe mahali maji yasipofika. Fundi aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Kisha yule mama akauliza, "Ziko ngapi mtaani?"

"Hakuna," Fundi Rajabu akasema. "Hii ndo ya kwanza."

Injinia alimtazama, akaandika kitu, akatukabidhi mashine yetu. Kwenye ngazi nikamshika fundi mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. "Fundi, ziko nane. Na ya mama ni ya tisa."

"Nyamaza, Zuhura."

"Twende turudi tukamwambie."

"Nikisema, wananifungia ofisi. Unadhani watanisikiliza? Tutazirekebisha wenyewe, kimya kimya. Mie ndiye niliyezitengeneza, nazijua." Jasho lilikuwa linamtiririka, na kule ndani kulikuwa na baridi. Niliona kwamba alikuwa ameelewa kila neno aliloambiwa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Angekuwa mbishi au mjinga, ningejua la kumwambia.

Alifanya alichosema, kwa sehemu. Alinunua plagi za pini tatu na waya mpya, akaniagiza nimfungie zana, tukaenda kwa wateja wa karibu tukijifanya tumekuja kuangalia kama mashine inakwenda vizuri. Tandika tulifungua soketi ya yule mpishi, nikachungulia ndani: nyaya mbili tu. Tundu la tatu lilikuwa pambo. Tulifunga waya wetu wa ethi kwenye mashine, tukauchomeka kwenye tundu lisilokwenda popote, tukanywa chai, tukaondoka. Nilimkumbusha maneno ya yule mama injinia. Akasema mvua zikiisha atapita kila nyumba kuchimbia fimbo ya ethi. Ile ya Bi Salma nayo aliiwekea plagi ya pini tatu. Soketi ya karakana yetu ilikuwa na nyaya mbili vilevile. Niliifungua mwenyewe, nikamwonyesha, akaifunga tena.

Masika yakakolea. Keko ikiwa na mvua, maji yalikuwa yakiingia kwa mlango wa mbele na kutokea nyuma, na kile kiuwanja cha Bi Salma kilikuwa hakikauki. Alipanga matofali ya kukanyagia, akayazoea, akayaacha. Ndala zake zilichukuliwa na maji siku moja, nyingine zikakatika. Nilianza kula haraka. Mashine ikinguruma nyuma ya pazia, nilikuwa nasikiliza mlio wake hata nikiwa na waya mdomoni, na kazi yangu ikaharibika mara kadhaa. Nilimwomba Bi Salma arudie mbuzi mpaka mvua ziishe. Akanipapasa shavu, akasema mgongo wake hautaki. Kisha mchana mmoja, nikiwa nimekaa kwenye kopo langu la rangi na sahani ya maharage, nikamsikia akimwambia jirani yake upande wa pili wa ukuta wa mabati, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia habari za mtoto wake:

"Siku hizi haitekenyi tena, shoga. Siku hizi inanivuta. Inanivuta mpaka kwapani."

Nikaweka sahani chini. Nikaenda mbele, nikamwambia fundi yale yale kama nilivyoyasikia. Alisimama, akashika bisibisi, akatazama pazia. Bi Salma alikuwa ameshamaliza kukuna na anaosha vyombo, akiimba. "Kesho nitaifungua," akasema fundi. Kuna nyakati nawaza juu ya neno lile, kesho. Sina hakika kama alikuwa na nia. Naamini alikuwa nayo.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Maseremala walikuwa wamechelewa, ni Yosefu tu, fundi wa vitanda, aliyekuwa ameshafungua kwake. Mie na fundi tulikuwa mezani, tunavuta waya zilizoungua za mota ya pampu. Nyuma, mashine ikanguruma kama kawaida. Halafu ngurumo ikashuka, ikawa nzito, ikabaki hapo hapo. Nilingoja sauti ya Bi Salma, kikohozi, wimbo, chochote. Hakukuwa na kitu. Nikavuta pazia. Alikuwa amesimama pekupeku ndani ya maji, ameinama kidogo, mkono wa kulia juu ya bodi ya kijani, macho wazi yananitazama. Mdomo wake ulikuwa wazi pia. Hakuna sauti iliyotoka.

Fundi alinipita mbio kwenda kumshika. Nilimrukia mgongoni nikapiga ukelele, "Usimshike! Fundi, usimshike!" na tukaanguka wote wawili. Ni Yosefu aliyetokea upande wake na kipande cha mbao kikavu, akaupiga waya kwa nguvu zake zote mpaka plagi ikachomoka ukutani. Bi Salma akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Alikuwa hapumui. Chuoni walitufundisha kumkandamiza kifua mtu aliyepigwa na umeme, kwa sanamu la mpira lililokuwa limepasuka shingo, na sisi wanafunzi tulikuwa tukilicheka. Nilipiga magoti majini nikamkandamiza Bi Salma huku Yosefu akinihesabia kwa sauti na fundi akiwa amekaa pembeni na mikono kichwani, akilitaja jina la mkewe, Salma, Salma, kwa sauti ndogo. Sijui tuliendelea kwa muda gani. Najua mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi alipokohoa.

Hospitalini walimlaza wodi iliyokuwa na vitanda vimejaa. Kiganja chake kilikuwa kimeungua mpaka ndani, na vidole viwili vilikunjika ambavyo havikunyooka tena maisha yake yote. Daktari alisema moyo wake unaruka mapigo, kwamba huenda utatulia na huenda hautatulia. Nilimpelekea uji. Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, hajabadilisha nguo tangu jana, hajala. Bi Salma alipopata sauti nilidhani ataomba maji. Akamtazama mumewe.

"Na wenzangu?" akauliza.

Fundi hakumwelewa, au alijifanya.

"Wenzangu wenye mashine. Mama wa Tandika. Yule wa Ukonga. Wanapika sasa hivi, Rajabu."

Fundi akainuka pale pale. Nilimfuata mbio koridoni, nikidhani anakimbia kulia mahali pasipo watu. Alikwenda moja kwa moja maabara, na suruali yake ikiwa bado na tope. Injinia Kokugonza alitukaribisha viti, lakini fundi hakukaa. Akasema, "Mama, nilikudanganya. Ziko nane nje. Ya tisa imempiga mke wangu jana." Yule mama akavua miwani. "Siku ile ulinijibu haraka mno," akasema. "Niliandika kwamba nina wasiwasi, lakini wasiwasi hauna anwani." Akamweleza kwamba itabidi tangazo litoke redioni, jina lake na mtaa wake vitajwe, watu waambiwe wasiziguse. Akamuuliza kama anaelewa maana yake kwa kazi yake. Fundi akasema, "Lisomwe leo."

Likasomwa. Kesho yake watu watatu walikuja kuchukua mota zao kabla hazijatengenezwa. Vijana wa barabarani walimbandika jina, Fundi Shoti, na wengine wakawa wanapita mlangoni wakijifanya wametetemeka. Nilitegemea Bwana Murtaza naye atatukimbia. Alikuja, akavua viatu, akampa pole fundi, akasema pikapu lake na dereva vitakuwa vyetu mpaka tumalize. Hivyo tukaanza kuzitafuta. Tandika na Mbagala walitupa wenyewe, wengine kwa matusi. Yule mama wa Ukonga alikuwa akikaa si mbali na ukuta wa gereza, amefungua mgahawa kwa ajili ya watu wanaokwenda kuona wafungwa, na mashine ilikuwa ikifanya kazi tulipoingia.

"Hii ndo inanilisha," akasema, amesimama mbele yake. "Nimelipa hela yangu. Uliponiuzia ilikuwa nzima, leo imekuwa na sumu?"

"Ilikuwa hivyo tangu siku ile," Fundi Rajabu akamwambia. "Mie ndo sikutaka kuona."

Yule mama akatazama mkono wake mwenyewe, kisha akanitazama mie. "Juzi ilimtupa mpwa wangu," akasema taratibu. "Nikamwambia amezidi uoga." Akajisogeza pembeni. Mbezi Beach tulifunguliwa geti tukapelekwa jikoni, tukamkuta msichana wa kazi anakuna nazi kwenye sakafu inayopigwa deki, pekupeku, redio iko kwenye chumba kingine inapiga muziki. Tajiri wake hakuwa amesikia tangazo lolote. Kila tulipopata moja, fundi alikata waya wake kwa koleo hapo hapo mbele ya mwenyewe, kabla hata ya kusalimiana vizuri, kama anayeogopa mwenye mali atabadili mawazo.

Tulizipata saba. Ya nane ilinunuliwa na mama mwingine wa Mbagala aliyekuwa amehama. Majirani walituelekeza kwa dada yake, dada akasema imeshauzwa kwa mpishi wa shughuli, yule anayepikia maharusi, na mpishi akasema aliwaazimisha watu wa harusi fulani ng'ambo, Kigamboni, na hawakuirudisha. Tulivuka. Harusi ilikuwa imekwisha zamani, nyumba ilikuwa ya kupanga, waliokuwamo hawakujua lolote. Dereva wa Bwana Murtaza alitupeleka siku nyingi, mpaka fundi mwenyewe akasema arudi kazini kwake.

Cheti tulikipata mwishoni mwa mwaka. Fundi alijenga mashine nyingine kabisa, bodi ya mbao za Yosefu, mota imefungiwa ndani ya plastiki nene, swichi imevikwa mpira. Injinia Kokugonza aliirudisha mara ya kwanza kwa kosa dogo, na fundi akamshukuru kwa kuirudisha. Mara ya pili chombo chake kilikaa kimya. Nilipokuwa msichana nilidhani siku ile itakuwa ya furaha. Tulirudi Keko, tukaiweka karatasi mezani, Bi Salma akaleta wali alioupika na msaidizi wake, tukala sote na Yosefu. Bi Salma alikula kwa kijiko. Mwanamke aliyekuwa akiwacheka watu wanaokula wali kwa kijiko, akawaita wazungu wa Keko, alikishika kwa vidole vitatu, akatugeuzia bega ili tusimtazame. Bwana Murtaza aliuza mashine za fundi kwa miaka michache, hadi za kutoka nje zilipoingia kwa bei ndogo. Mie niliondoka Keko mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Nimefanya kazi ya umeme maisha yangu yote, na wanafunzi wangu wananiona mkali kupita kiasi.

Daktari safari hii ameandika kwamba Bi Salma amekufa kwa moyo. Alikuwa mtu mzima, alilala akapitiliza, na wanawake mkekani walisema ni kifo chepesi. Watu walipopungua nikatoka nje, nikavuta kiti cha plastiki karibu na Fundi Rajabu. Amezeeka, amekuwa mdogo ndani ya kanzu. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukakaa. Nilimuuliza sasa anashinda wapi, kama bado anafungua ofisi.

"Ofisi nilifunga zamani," akasema. "Nashinda misibani."

Sikumwelewa. Akasogeza kiti.

"Ile ya nane, Zuhura. Haikupatikana. Basi mie nikisikia mtu kafa na umeme, popote, Kigamboni, Mbagala, Gongo la Mboto, naenda. Nakaa na wanaume, nasoma dua, halafu naulizia taratibu alikuwa ameshika nini. Mara nyingi ni feni, au waya wa kuanikia nguo. Narudi nimeshukuru, na kushukuru kwenyewe kunanitia haya."

"Na mama alijua?"

"Yeye ndo alikuwa ananipa nauli."

Ndani walianza kusoma tena. Alikaa akizitazama kandambili za watu zilizojaa mlangoni, kisha akasema kuna mama mmoja amefariki Chamazi juzi, mpishi wa shughuli, walimkuta jikoni. Alitaka kwenda leo, ila asingeweza kumwacha Salma. Matanga ya kule yanaanuliwa Jumapili.

Nikamwambia anipitie asubuhi, twende wote.